Baridi Iliyouzwa Bila Neno

Mbulu,
29 Septemba 2024

Kwa jina la Mungu aliyeumba joto na baridi, na akaviwekea vyote viwili mipaka.

Mwanangu Hajira,

Amani ya Mungu na rehema zake zikufikie wewe, mumeo Seifu na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako mkubwa Salma limekataa kupanda mlima wa sokoni, naye amelikasirikia kama mtu anavyomkasirikia punda. Wakulima wa kijiji cha Bashay wameanza kung'oa vitunguu saumu na mji mzima unanuka jikoni. Msikiti wetu umepata bati jipya upande wa kibla, kwa hiyo mvua zikija tutaswali bila kusogeza mikeka.

Utaniwia radhi kwa kuendelea kukuandikia kwa kalamu, kama nilivyokuwa nikimwandikia mdogo wangu, marehemu baba yako. Simu inafaa kwa habari ya safari na ya msiba. Jambo lenye uzito linahitaji mtu alale nalo kabla hajalituma, na Xavery anaendelea kuzibeba barua zetu kwenye basi lake bila kulalamika.

Ni huyo huyo Xavery aliyeniambia kwamba katika duka lako la vipuri, lile ulilolijenga upya baada ya tope la mlimani kuwapitia, sasa umeweka gesi ya viyoyozi vya magari. Mama yako mkubwa alicheka mpaka akasahau goti. Akasema, "Hajira anauza baridi? Mwambie huku Mbulu tunayo ya bure, aje na magunia."

Mimi nilicheka kidogo tu. Nimefikiri hivi. Chumvi mnunuzi huionja. Kitambaa hukishika na kukivuta. Lakini hicho unachouza wewe hakionekani, hakina rangi, na kimefungwa ndani ya chuma. Kitu ambacho mnunuzi hawezi kukijua kwa jicho wala kwa mkono, hukijua kwa mdomo wa muuzaji peke yake. Basi niandikie unisomeshe: waliokupa bidhaa hiyo wamekutaka uahidi nini, nawe unawaambia nini wanaoinunua?

Wasalaam,
Baba yako mkubwa, Mudathir


Katesh,
13 Oktoba 2024

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Mama Mkubwa, na pole yake ya goti. Namtumia mafuta ya kuchua kwa mkono wa Xavery. Ayatumie usiku na ajifunike. Seifu anawasalimu sana. Watoto wamefaulu vizuri, isipokuwa yule wa kati aliyemwambia mwalimu kwamba hesabu ni kazi ya kikokotoo. Jua la huku limeanza kazi. Upepo unatuletea vumbi la chumvi kutoka ziwa Balangida, na mchana bati la duka linalia kama kikaango.

Ndiyo maana, Baba Mkubwa, baridi inauzika. Magari ya barabara ya Singida hupita hapa saa za jua kali, na dereva ambaye kiyoyozi chake kimekufa hufika dukani uso umekuwa mwekundu kama tofali. Hapo jirani pana gereji ya fundi Benedict, kijana wa Tlawi aliyesomea kazi ya viyoyozi Arusha. Mimi nauza, yeye anajaza.

Umeniuliza nimeahidi nini. Msambazaji alituita Babati kabla ya kutupa mzigo, akatuweka chini siku nzima. Alisema gesi hii si soda. Tumwuzie fundi anayeijua, na asiyekuwa fundi tumpeleke kwa fundi. Tuulize gari ni gani, kwa sababu gesi ya magari ya zamani na ya mapya si moja, na kuzichanganya ni kuua mashine. Tusithubutu kumpa mtu gesi ya kupikia badala yake, hata akilia, kwa maana hiyo inawaka. Makopo yasikae juani. Lililobaki na gesi ndani tulipokee, tusilitoboe ili kuipeperusha hewani, kwa kuwa ikipanda juu inaidhuru dunia kwa miaka mingi. Na zaidi ya yote tumwambie mnunuzi kwamba gesi ikitoka ikiwa majimaji inaunguza ngozi na macho kuliko moto, ingawa ni baridi. Kila mmoja wetu alisimama akasema amekubali. Nami nilisimama.

Nimepanga makopo kwenye rafu ya juu, mbali na dirisha. Nikiyatazama naona fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Mwanao,
Hajira


Mbulu,
27 Oktoba 2024

Kwa jina la Mungu ajuaye kilicho wazi na kilichofungwa ndani ya chuma.

Mwanangu Hajira,

Amani iwe juu yenu. Mafuta yamefika na goti limelainika, ingawa mwenye goti anasema ni dua yake na wala si mafuta yako. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Siku ya pili niliwasomea wazee wenzangu tuliobaki msikitini baada ya alasiri, nao wakastaajabu kwamba ipo baridi inayounguza.

Masharti hayo ya Babati yamenipendeza, kwa sababu hayakutungwa na mtu wa dini, na bado yanakubaliana na tuliyofundishwa. Muuzaji anayejua dhara la bidhaa yake na akanyamaza, amebakiza sehemu ya bidhaa hiyo mkononi mwake hata baada ya kuiuza. Nimefurahi pia kwa lile la kutopeperusha gesi hewani. Mbingu si jalala, mwanangu. Ni paa la nyumba ya watu wote.

Nina neno moja tu la kuongeza. Kusimama Babati mbele ya msambazaji na kusema nimekubali ni jambo jepesi. Ahadi hupimwa siku ambayo mnunuzi ana haraka, au ana cheo, au unamwonea haya. Siku hiyo ikija, umkumbuke Mungu kwanza.

Mama yako mkubwa anauliza kama mnauza pia joto. Julai ijayo atahitaji makopo mawili.

Wasalaam,
Mudathir


Katesh,
8 Desemba 2024

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii iwakute wazima wewe na Mama Mkubwa. Sisi tupo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi, na kidogo nilikuwa na homa, lakini imepita. Mvua imenyesha mara tatu na nyasi za upande wa Hirbadaw zimekuwa kijani. Seifu amekwenda Singida kufuata vipuri. Watoto wako likizo na nyumba haina utulivu.

Nauliza jambo kwa ajili ya elimu tu. Mtu akiuza kitu kizima, kisicho na kasoro yoyote, na mnunuzi akakipeleka katika kazi ambayo hakikutengenezewa, akapata madhara, je, muuzaji ana sehemu mbele ya Mungu? Kitu chenyewe hakikuwa kibovu.

Zaidi sina habari. Msalimie Xavery, sijamwona siku nyingi; barua hii mtoto atampelekea kituo cha basi.

Nakuomba ulijibu lile swali la muuzaji, ikiwa utapata nafasi. Ni la elimu tu.

Mwanao,
Hajira


Mbulu,
15 Desemba 2024

Kwa jina la Mungu aliye karibu na mwenye moyo mzito.

Mwanangu,

Amani iwe juu yako. Sisi wazima. Habari nyingine za huku zinaweza kusubiri.

Nitakujibu kama ulivyouliza, kisha nitakuuliza kama ninavyotaka. Muuzaji wa kisu hana sehemu katika kila kidole kinachokatwa, kwa kuwa kila mtu anajua kisu kinakata. Lakini ukiuza kitu ambacho ukali wake unaujua wewe, na mnunuzi haujui, sehemu ipo. Kuwa kizima hakukiondolei ukali. Huenda kikawa kikali zaidi kwa sababu hiyo. Ukubwa wa sehemu hiyo unategemea neno ulilolisema, au ulilolimeza, wakati kitu kinabadilisha mikono.

Hilo ndilo jibu. Sasa mimi. Nimefundisha watoto kuandika tangu ujana wangu. Mtu anayeuliza kwa ajili ya elimu haulizi mara mbili katika ukurasa mmoja, na mwandiko wake hautetemeki kwenye neno "kibovu". Xavery naye anasema hajakuona kwa sababu amekuta duka limefungwa, tena siku ya mnada, siku ambayo hata mgonjwa wa Katesh hufungua duka.

Nani ameumia, Hajira?

Sijamwambia mtu yeyote. Mama yako mkubwa nimemwambia umeuliza jambo la fiqhi. Hakuamini, lakini amenyamaza kwa hisani yake.

Wasalaam,
Baba yako mkubwa


Katesh,
5 Januari 2025

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo chini ya mto wiki nzima na zaidi. Watoto hawajambo. Seifu hajambo, ila hatuzungumzi vizuri, na sababu utaiona.

Ameumia mzee mmoja wa Hirbadaw, anaitwa Gidamis. Ni mfugaji, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

Katikati ya Novemba, siku ya mnada, alisimama mbele ya gereji ya Benedict akiangalia lori likijazwa gesi. Mpira wa kupitishia gesi ulipoganda ukawa mweupe, akaugusa kwa ncha ya fimbo yake, akaitazama ile fimbo muda mrefu. Kisha akaingia kwangu na vijana wa ukoo wake wakamfuata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Akanyoosha fimbo kwenye rafu ya juu akasema, "Nipe hiyo kopo ya baridi, na mpira yake."

Nilitaka kumwuliza gari ni gani. Wallahi, Baba Mkubwa, swali lilifika kwenye meno. Lakini mzee wa umri ule, mbele ya vijana wake, mimi binti wa dukani nimwulize unapeleka nini nyumbani kwako? Tangu udogo nimelelewa kwamba mkubwa haulizwi safari yake. Nikajiambia labda mwanawe ana gari. Nikalishusha kopo na mpira wake, nikalifunga kwenye gazeti, nikampa kwa mikono miwili kwa heshima. Lile la kuungua nalo sikulisema, kwa sababu nisingeweza kulisema bila kuonekana nahoji. Heshima yote nilimpa. Neno ndilo sikumpa.

Hakuwa na gari. Alikuwa na ng'ombe aliyevimba kiwele, kimekuwa cha moto, hakishikiki. Mzee aliona baridi inatoka kwenye mpira, akaona dawa. Alilishika kopo kwa mkono mtupu, akaligeuza kichwa chini, akamwagia kiwele ile gesi ikiwa majimaji. Ng'ombe akaruka. Mpira ukamrukia mzee mkononi, na yeye, kwa kuwa ni mwanamume wa kwao, hakuuachia mpaka kopo likaisha.

Haya nimeyapata kwa Marieta, mama anayetuletea maziwa kutoka huko, naye aliambiwa kwa siri na mtoto aliyekuwa amemshika ng'ombe. Alisema vidole vya mzee vilitoka malengelenge, kisha viwili vikawa vyeusi, na wamempeleka hospitali. Alinihadithia akicheka kidogo, kwa kuwa hakujua kopo lilitoka wapi. Mzee amewaambia watu wengine wote kwamba ameungua na moto. Duka langu hajalitaja.

Nilifunga duka. Homa niliyokuandikia haikuwa homa.

Seifu anasema ninyamaze. Anasema likishavuka kizingiti si letu tena, na kwamba nikienda kujitaja, wazee wao wataita kikao na watu wote wa tambarare wataacha kununua kwetu. "Tumejenga juu ya tope, Hajira," anasema, "usitubomolee kwa mdomo." Sisemi ni mtu mbaya. Anaogopa, na mimi naogopa. Naogopa pia kwamba utaniambia nifunge duka nirudi Mbulu, na huenda ndivyo ninavyostahili.

Hajira


Mbulu,
10 Januari 2025

Kwa jina la Mungu anayepokea anayerudi.

Mwanangu Hajira,

Amani iwe juu yako, na juu ya Seifu pia, usiku wa leo kuliko siku zote.

Hutafunga duka. Ukilifunga, kopo litauzwa na mwingine ambaye hata Babati hakusimama. Utakwenda Hirbadaw.

Umwambie Seifu maneno haya kutoka kwangu, kwa upole. Hofu yake naiheshimu. Ni hofu ya mtu anayelisha watoto. Lakini mzee yule anakulinda kwa uongo, naye hakuwatendea ninyi ubaya wowote. Haiwi sawa mtu abebe jeraha, kisha abebe na siri yenu juu yake. Seifu aende nawe, asimame nyuma yako, asiseme kitu mpaka aulizwe.

Watu wale, jambo likiwa zito kati ya nyumba na nyumba, hawaendi mbele ya wazee mikono mitupu. Huenda na asali. Asali yao huchachushwa kwanza ikawa pombe, na hiyo sisi hatuigusi. Kwa hiyo nampa Xavery ndoo ya asali mbichi, kama ilivyotoka mzingani. Mama yako mkubwa ndiye aliyeifunga; nilimweleza yote jana, na akalia kwa ajili ya mzee kabla hajalia kwa ajili yako.

Ukifika, usianze na neno "lakini". Usimwambie kwamba kopo lilikuwa zima. Usimwambie kwamba yeye hakusema analitaka la nini. Umwamkie, uweke asali chini, useme: nilijua linaunguza, na sikukuambia. Kisha unyamaze. Atakalosema baada ya hapo ni haki yake.

Na kuhusu kumhoji mkubwa. Adabu haikuwekwa ili itumalizie wazee. Ukimwona mkubwa anaelekea shimoni, heshima yake ni kumshika mkono, na kama ni lazima, kumwuliza anakwenda wapi. Tangu sasa uulize, na ukiulizwa nani kakuruhusu, sema ni mimi.

Nitasimama katika swala kwa ajili yenu mpaka nipate habari.

Baba yako mkubwa


Katesh,
23 Februari 2025

Kwa Baba Mkubwa na Mama Mkubwa,

Shikamooni. Nawaomba radhi kwa ukimya. Mara ya kwanza tulipokwenda mzee alikuwa amerudishwa hospitali, tukageuza. Mara ya pili mvua ilikata njia. Sasa tumekwenda na tumerudi. Seifu anawasalimu, na leo ananiambia "andika vizuri, usiruke".

Tulifika asubuhi, ng'ombe bado hawajatoka. Mzee Gidamis alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya boma, mkono umefungwa kitambaa cheupe, na wazee wawili wenzake pamoja naye. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikaiweka ndoo chini. Nikasema kama ulivyonifundisha. Sikuongeza hata neno moja, ingawa ulimi ulikuwa umejaa.

Mzee akaitazama ile ndoo. Kisha mke wake mkubwa, aliyekuwa anakamua ng'ombe pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Kumbe moto ilikuwa ya Katesh." Akaendelea kukamua. "Mimi niliona kopo kwa zizi, nikajua hapa hakuna moto ya hivyo. Huyu mzee alitaka kugandisha ng'ombe, akajigandisha mwenyewe."

Wazee wale wawili wakaangalia pembeni ili wasicheke mbele yake. Mzee Gidamis akaniuliza, "Kwa nini umekuja? Mimi sikukutaja."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja, mzee wangu. Na kwa sababu sikukuuliza unalipeleka wapi."

Akanitazama. "Ungeniuliza, ningekudanganya."

"Kwa nini, mzee?"

"Ningesema ni ya gari ya kijana. Mimi niulizwe na mtoto wa duka ninapeleka nini kwangu? Tena mbele ya watu?" Akauinua mkono wake uliofungwa. "Usiulize mzee. Mzee atakudanganya. Ungesema tu: hii kitu inakula mkono. Hapo ningesikia. Sikio ya mzee haifungwi."

Baba Mkubwa, nilikuwa nimejiandaa kwa faini na kwa laana. Kwa hilo sikujiandaa.

Alikifungua kitambaa mwenyewe. Ncha za vidole viwili zimekatwa, vingine vimepona na ngozi mpya kama ya mtoto. Ng'ombe yuko hai, amebaki na chuchu mbili. Mzee alisema, "Yeye mbili, mimi mbili. Tumekuwa sawa." Wenzake hapo walicheka wazi, naye akawaacha.

Kisha akafungua ndoo, akachovya kidole, akaonja. "Hii asali haijachachuka."

Nikamwambia sisi hatuchachushi.

"Vizuri. Tutachachusha wenyewe."

Seifu alinitazama, nami nikatazama chini. 

Wazee walisema jambo limekwisha, ila mzee mmoja akataka nitoe neno mbele yao kuhusu makopo yaliyobaki. Nikatoa hili. Makopo nimemkabidhi fundi Benedict, na hakuna litakalotoka dukani kwangu isipokuwa mkononi mwa fundi. Na kila anayelinyooshea kidole, awe mzee au kijana, awe dereva au mpita njia, simwulizi kwanza. Namwambia kwanza: hii inaunguza ngozi na macho, haitibu mtu wala mnyama, na haipulizwi hewani. Simpimi umri. Halafu ndipo nauliza gari. Nilikuwa nikifikiri wajibu wangu ni kumchunguza mnunuzi, na ndiyo sababu nilimwonea haya mzee. Kumbe ni kumjulisha. Hilo hata mtoto anaweza kulifanya bila kumvunjia mtu heshima. Nakuomba usinione mjuaji kwa kusahihisha kidogo uliloniruhusu.

Limebaki moja. Mnada uliofuata, asubuhi, nilimkuta mzee Gidamis mbele ya duka. Aliomba kigoda. Alikaa pale mpaka jua likapinda, na kila mtu wa kwao aliyefika akatazama rafu ya gereji ya jirani, mzee alitoa mkono wake chini ya shuka akauonyesha. Kijana mmoja mbishi akamwambia, "Mzee, hiyo si ni moto ya nyumbani?" Mzee akamjibu, "Ni moto ya Katesh. Inauzwa kwenye kopo. Unataka?" Yule kijana akanunua balbu ya taa akaondoka.

Alipoinuka nilimwambia, mzee wangu, hukuwa na deni la kukaa hapa. Akasema, "Nilidanganya watu wangu kwamba ni moto. Wangekuja wengine kununua." Ndivyo alivyosema, akaenda.

Mwanao anayewapenda,
Hajira


Mbulu,
4 Machi 2025

Kwa jina la Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi wake mtukufu.

Mwanangu Hajira, na mwanangu Seifu,

Amani ya Mungu iwe juu yenu na juu ya kila anayelala chini ya bati lenu. Tumeanza mfungo kwa afya. Mama yako mkubwa anafunga na goti lake, na amekataa shauri la daktari, la kwangu na la majirani. Mawingu yanajikusanya juu ya Tlawi, na wakulima wanatazama juu kuliko wanavyotazama chini.

Barua yako nilisomewa na mama yako mkubwa baada ya kufuturu, kwa sababu nilipofika kwenye ule mkono chini ya shuka nilishindwa kuendelea mwenyewe.

Umenisahihisha, na sahihisho nimelipokea. Mimi nilikupa ruhusa ya kuuliza, kwa kuwa mwalimu hufikiri kila kitu kinapatikana kwa kuuliza. Hilo la kumwambia kila mtu, bila kumpima, ni bora zaidi. Halimdhalilishi aliye mkubwa na halimwachi aliye mdogo. Jana nimewafundisha watoto wa madrasa. Nimewaambia: mkimwona mkubwa na hatari, msimhoji, mwambieni. Mmoja akauliza kama anaweza kumwambia baba yake aache kuendesha pikipiki bila kofia. Nimemwambia aanze na shikamoo.

Kuhusu asali, nimekosa usingizi kidogo. Niliitoa nikijua watu wale huifanya nini, nikajifanya sijui, kwa kuwa nilisema moyoni kwamba mbichi ni mbichi. Sheikh mwenzangu anasema zawadi ikishapokewa hesabu yake ni ya mpokeaji. Nimemwambia kuna mtu Katesh aliyewahi kuniletea hoja ya namna hiyo, na mimi nilimkatalia. Tumeachia hapo. Mara nyingine tutapeleka sukari.

Sasa la mzee Gidamis. Ameungama uongo wake kwa kukaa juani siku nzima, na hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Nimemwombea katika kila swala ya usiku, kwa jina lake, kwa ajili ya vidole vilivyobaki. Kijana mmoja msikitini aliniuliza kama inafaa kumwombea mtu asiyekuwa wa dini yetu. Nilimwambia mkono ni wa Mungu aliyeuumba, naye anajua ni wa nani.

Baada ya Idi, barabara ya Basotu ikiwa bado inapitika, nitashuka na Xavery kuja kwenu. Nitalala siku mbili. Mniandalie kigoda pale dukani kando ya kile cha mzee. Xavery, ambaye huuliza umri wa kila mtu, ananiambia mzee Gidamis alikuwa tayari kijana mwenye fimbo mwaka ambao mimi nilikuwa nikinyonya. Wazee wa hapa Mbulu walionizidi wote nimewazika mwenyewe. Ni miaka mingi sijapata mtu wa kumwambia shikamoo, na nina shauku ya kuisema tena kabla sijaondoka duniani.

Mungu ailinde mikono yenu ninyi mnaouza, na mikono ya wanaonunua kwenu. Aweke neno la kweli midomoni mwenu kabla ya kila bidhaa, aijaze nyumba yenu utulivu, awape watoto wenu haya isiyowafunga ulimi, na kila atakayeisoma barua hii Mungu ampe jirani atakayemwambia kwa wakati.

Baba yenu mkubwa,
Mudathir